Kabla ya kuchora chumba, jua upepo unatoka wapi

Siku fundi anapopiga vigingi na kuvuta kamba, mwenye nyumba husimama katikati ya mistari ya chokaa na kushtuka: "Sebule ndiyo hii?" Chumba ambacho kuta zake hazijainuka huonekana kidogo kuliko kilivyo, kwa sababu jicho linakilinganisha na uwanja mzima na anga lililo juu yake. Hapo ndipo wengi humwambia fundi aongeze mita moja huku na nusu mita kule. Fundi anaongeza. Mita ile inarefusha msingi, inaongeza tofali, kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) na bati. Choo kinasogea, bomba linarefuka, na dirisha lililokuwa likitazama uwazi sasa linatazama ukuta wa jirani.

Nimesimama kwenye mistari hiyo mara kadhaa, mwanzo kwa nyumba yangu, baadaye kwa za ndugu na marafiki, na kila mara kosa lilikuwa limeshafanyika wiki nyingi kabla ya kamba kuvutwa. Wengi wetu hupata ramani kupitia simu. Inakuja picha ya nyumba yenye rangi ya maziwa, nguzo mbili mbele, gari limeegeshwa, na chini yake pameandikwa: vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, sehemu ya kulia, jiko, stoo, choo cha wote. Ramani za kununua hazina ubaya wowote zenyewe. Lakini aliyeichora hajui barabara yako iko upande gani, maji ya mvua yanateremkia wapi, wala jirani amechimba wapi shimo lake la choo. Mtu anachagua sura ya nyumba kwanza, kisha maisha ya familia nzima yanalazimishwa kuingia ndani ya sura ile.

Nitachukua mfano mmoja na kukaa nao: kiwanja cha mita 20 kwa 20 pembezoni mwa Dar es Salaam, tuseme Chanika au Kigamboni, na nyumba ya chini ya vyumba vitatu. Ndani yake kuna baba, mama, watoto watatu, na bibi anayekuja kutibiwa akakaa miezi. Ukijenga Mbeya au Njombe, penye baridi, baadhi ya nitakayosema kuhusu jua itabidi uyageuze.

Kiwanja kwanza

Mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400, na kwa kusikia tu ni nyingi. Ondoa nafasi ambayo halmashauri inakutaka uiache kati ya nyumba na mpaka. Masharti hayo hutofautiana kwa eneo na kwa aina ya kiwanja, kwa hiyo yachukue kwa maandishi ofisi ya mipango miji kabla hujamlipa mtu yeyote wa ramani. Tuseme umeambiwa uache mita 3 mbele, 2 nyuma, na moja na nusu kila pembeni: unabaki na mita 15 kwa 17 za kuweka nyumba. Na kiwanja hichohicho kinatakiwa kubeba gari, karo la majitaka, tangi la maji, kamba ya nguo, na walau mwembe mmoja.

Karo ndilo linalosahaulika kuliko vyote, na ndilo linaloamua zaidi. Bomba la choo la inchi 4 linahitaji kuteremka kama sentimita 2 hadi 2 na nusu kwa kila mita. Choo kikiwa mbele ya nyumba na karo liko nyuma, umbali wa mita 18, mwisho wa bomba unatakiwa uwe karibu sentimita 45 chini kuliko mwanzo wake. Ikiwa ardhi yako nayo inapanda kuelekea nyuma, huna ujanja: ama unachimba karo kwa kina kirefu, ama unainua msingi wa nyumba nzima kwa kozi (safu za tofali) mbili tatu zaidi. Hizo ni tofali, mchanga, kifusi na siku za kazi ambazo zingeweza kuokolewa kwa kugeuza ramani mbele nyuma. Kwa hiyo nenda kiwanjani wakati wa masika, mvua ikiwa inanyesha, uvae mabuti, utazame maji yanaelekea kona gani. Kona hiyo ya chini ndiyo inayolitaka karo, na vyoo vya ndani vinatakiwa kuwa upande huohuo. Ila isiwe kona ambayo maji hutuama, maana shimo la kunyonya, lile linalopokea maji ya karo na kuyaachia ardhini, likizungukwa na maji halinyonyi tena.

Kuna hesabu nyingine inayowashangaza watu. Umbali unaoshauriwa sana kati ya kisima na shimo la majitaka ni mita 30. Katika kiwanja cha 20 kwa 20, ukipima kutoka kona moja hadi kona ya mkabala, unapata mita 28 na ushee. Maana yake ni kwamba hata ukiweka kisima kwenye kigingi kimoja na shimo kwenye kigingi cha mwisho, bado hujafikisha umbali. Na jirani wa kila upande naye ana shimo lake. Ndiyo maana mimi hukataa kabisa kisima kifupi cha kunywa kuwekwa kwenye ramani ya kiwanja cha ukubwa huu. Pesa hiyo naielekeza kwenye tangi la maji ya mvua. Nyumba ya mita 10 kwa 12, ukijumlisha upenu wa sentimita 60 pande zote, ina paa lenye kutega mvua kwenye eneo la karibu mita za mraba 148. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua moja ya masika ya milimita 25 inaangusha juu ya paa hilo karibu lita 3,700. Hata ukipoteza sehemu yake kwenye mifereji na ile ya kwanza inayoosha vumbi, ni maji mengi, na yanataka mahali pa simtanki kwenye ramani tangu mwanzo: karibu na jiko, juu ya kitako cha zege, na chini ya usawa wa mfereji wa paa ili maji yaingie yenyewe.

Jua, kusi na kaskazi

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana hupita utosini hasa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katika Oktoba. Juni linainamia kaskazini, Desemba linainamia kusini kidogo. Jua la utosini ni kazi ya paa. Ukuta wa kaskazini na ukuta wa kusini unaulinda kwa upenu tu: upenu wa sentimita 60, katika mchana wa Juni, unatia kivuli kama mita moja ya juu ya ukuta wa kaskazini, na Desemba unatia kivuli mita 2 za ukuta wa kusini. Dirisha la kawaida linapona.

Mashariki na magharibi ni habari tofauti. Huko jua linakuja likiwa chini, linapita chini ya upenu na kuupiga ukuta uso kwa uso. La asubuhi linavumilika, kwa sababu nyumba imelala usiku kucha ikapoa. La saa kumi jioni linakuta nyumba imeshapata moto, linaongeza. Tofali la saruji hulibeba joto hilo na kulitoa polepole ndani, na linapomaliza kulitoa ni saa nne au saa tano za usiku, wakati mtoto anageuka geuka kitandani. Mtu anasema chumba kile kina joto, ananunua feni, kisha anafikiria kiyoyozi. Tatizo lilikuwa mchoro: chumba cha kulala kiliwekwa magharibi, na upande mrefu wa nyumba ukaelekezwa huko kwa sababu ndiko iliko barabara.

Upande mrefu si lazima utazame barabara. Nyumba ya mita 10 kwa 12 inaweza kutoa barabarani ule upande wa mita 10, ukapambwa na kibaraza kizuri, na pande ndefu zikatazama kaskazini na kusini. Magharibi weka vile ambavyo havilalwi: stoo, vyoo, jiko, kabati za ukutani. Hivyo vinakuwa ngao ya nyumba.

Sasa upepo. Lugha yetu yenyewe inajua jambo hili, maana kusini na kaskazini tumeviita kwa majina ya pepo. Kusi huvuma kuanzia kama Aprili au Mei mpaka Septemba na Oktoba, ukitokea kusini na kusini-mashariki. Kaskazi huvuma Desemba mpaka Machi ukitokea kaskazini-mashariki. Nahodha wa jahazi alipanga mwaka wake wote kwa pepo hizi mbili, nasi tunajenga nyumba umbali mfupi kutoka bahari ileile bila kuziuliza. Kwenye pwani yetu zote mbili zina umashariki ndani yake. Kwa hiyo vyumba vya kulala na sebule vikae mashariki vipokee hewa safi, na jiko na vyoo vikae magharibi ili moshi na harufu vitoke bila kupita juu ya kitanda cha mtu. Inapendeza kwamba jua na upepo, hapa kwetu, vinaomba kitu kimoja.

Sikulijua hili nilipojenga mara ya kwanza. Jiko langu liko kona ya kusini-mashariki kwa sababu ramani niliyonunua ililiweka hapo. Kusi linapoanza, kila kitunguu kinachokaangwa kinatangazwa mpaka chumba cha mwisho, na mama yangu mwenye pumu alikuwa akihamisha kiti chake kibarazani kila saa ya kupika. Kuhamisha jiko lililokwisha kujengwa ni kubomoa nusu ya nyumba. Kuligeuza kwenye karatasi kungekuwa kazi ya jioni moja.

Jambo moja zaidi kuhusu hewa: upepo hauingii chumba ambacho hauwezi kutokea. Dirisha moja kubwa kwenye ukuta mmoja halifanyi kazi ya madirisha mawili madogo kwenye kuta mbili. Chumba cha kona kinapata hilo kirahisi. Chumba cha katikati kinahitaji tundu la hewa juu ya mlango, na korido ambayo mwisho wake una dirisha badala ya ukuta.

Nyumba za paa lililofichwa, zilizoenea sana sasa, zimeondoa upenu kabisa. Kuta zimebaki wazi kwa jua na mvua, na maji ya paa yanakusanywa kwenye mifereji iliyo ndani ya kuta za juu, ambako jani moja la mwembe likiziba, maji yanashuka darini. Kwa mji wenye masika kama ya Dar es Salaam mimi sizishauri. Anayeipenda sura hiyo basi aweke vizuizi vya zege juu ya kila dirisha vitoke sentimita 60, na aache njia ya kupanda kusafisha mifereji kila kabla ya masika na vuli.

Siku moja ndani ya nyumba

Chukua karatasi tupu, usichore ukuta wowote. Andika siku ya familia yako kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Nani anaamka wa kwanza? Anakwenda wapi, na anapita mbele ya mlango wa nani? Watoto watatu wanaowahi basi la shule saa kumi na mbili wanagombea bafu lipi? Mkaa unawashwa wapi? Nguo zinafuliwa wapi na zinaanikwa wapi, na mvua ikija ghafla anayekimbilia kuzianua anatokea mlango gani? Fundi wa umeme akija, anafika kwenye mita bila kuingia sebuleni? Mgeni wa baba akiketi saa mbili usiku, binti aliyetoka kuoga anapita wapi?

Swali hilo la mwisho wazee wa pwani walilijibu vizuri kuliko ramani zetu. Kwenye nyumba za mawe za Lamu mgeni anaanzia dakani, mbele ya mlango, penye viti vya kujengea. Ndani, njia inapinda kwanza ndipo ifike kwenye kiwanda, ule uwanja wa wazi katikati, hivyo mlango ukiwa wazi mpita njia haoni chochote. Kutoka hapo unapita msana mmoja, yaani ukumbi mrefu mwembamba, kisha wa pili, na nyuma yake ndipo penye ndani, chumba cha siri kuliko vyote. Kila hatua ni ruhusa mpya. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo nayo ina utaratibu wake: baraza mbele kwa mazungumzo, ukumbi mrefu katikati wenye vyumba pande mbili, na uani nyuma kwenye jiko, choo na kazi zote. Ukumbi ule ukifunguliwa mbele na nyuma unavuta upepo kama filimbi.

Ukitazama ramani nyingi za sasa, mlango wa mbele unafunguka moja kwa moja sebuleni, sebule imeunganishwa na sehemu ya kulia, na milango ya vyumba inaanzia hapohapo. Mgeni anayekuja kuleta kadi ya mchango wa harusi anaona kitanda. Choo cha wote kimefunguliwa usoni pa meza ya chakula. Dawa yake haigharimu hata tofali moja la ziada: vyumba vya kulala vikusanywe upande mmoja nyuma ya mlango au tao moja, na choo cha wageni kifunguke kwenye njia, kisifunguke kwenye chumba.

Kwa familia ya Kiislamu kuna la kuongeza, na mchora ramani asiyeuliza atakosea: kiti cha choo kisielekee Qibla wala kukipa mgongo. Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Dar es Salaam, kwa hiyo viti vya choo vielekee mashariki au magharibi. Mwambie mchoraji siku ya kwanza.

Jiko linastahili kufikiriwa na anayelitumia, na mara nyingi hakuwepo ramani ilipokuwa inachaguliwa. Tuseme ukweli wa jinsi tunavyopika. Hata wenye gesi, maharage na makande yanachemshwa kwa mkaa, na pilau la watu hamsini halipikwi juu ya jiko la vigae. Jiko la ndani bila mlango wa nje ni jiko nusu. Liwe na mlango wa kutokea kibaraza cha nyuma kilichofunikwa, chenye bomba, karo la kuoshea vyombo na mahali pa jiko la mkaa. Mkaa usiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata usiku wa mvua: hewa yake yenye sumu haina rangi wala harufu. Mtungi wa gesi nao ukae nje kwenye kijumba chenye matundu chini, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni.

Bibi. Ramani ya kununua humpa chumba kilichobaki, cha mwisho kwenye korido. Mpe chumba kilicho karibu na choo, mlango wa sentimita 90, bila ngazi wala kizingiti kati ya kitanda na choo. Chumba hicho siku moja kitakuwa chako.

Na kuna siku ambazo nyumba inabeba watu mia. Msiba ukitokea, makochi yanatolewa nje, mikeka inatandikwa sebuleni, turubai linafungwa mbele, sufuria kubwa zinapangwa nyuma. Familia nyingi hazilifikirii wakati wa kuchora kwa sababu halipendezi kulitaja. Lakini njia ya kutoka mlango wa mbele mpaka sebuleni inatakiwa jeneza lipite bila kuinamishwa. Njia itakayoruhusu hilo itaruhusu pia friji, kitanda na machela ya mgonjwa. Na pembeni mwa nyumba pabaki njia ya kutoka mbele hadi nyuma bila kupita ndani.

Mita tatu si mita tatu

Fundi akisema chumba ni mita 3 kwa 3, muulize amepimia wapi. Mara nyingi ni katikati ya ukuta mpaka katikati ya ukuta. Tofali la inchi 6 lina sentimita 15, plasta ya pande zote mbili inaongeza kama 3. Chumba chako cha mita 3 kimebaki na mita 2.82. Kitanda cha futi 6 kwa 6 ni mita 1.83. Toa: zimebaki sentimita 99. Weka kabati lenye kina cha sentimita 60, umebaki na 39, na hapo mlango haujafunguka. Haya ndiyo maisha ya watu wengi waliolipia vyumba vitatu na kupata vyumba vitatu vya kupitia kwa ubavu.

Kwa hiyo usianze na ukubwa wa chumba. Anza na kitanda, ongeza sentimita 70 kila upande unaoshukia, ongeza kabati, ongeza nafasi ya mtu kusimama mbele ya kabati likiwa wazi, ndipo uchore ukuta. Meza ya watu sita ya mita 1.5 kwa 0.9 inataka sentimita 90 kila upande ili kiti kivutwe na mtu mwingine apite nyuma yake. Hiyo ni mita 3.3 kwa 2.7. Kata vipande vya karatasi kwa kipimo cha ramani, kitanda, makochi, friji, meza, uvisogeze. Chora pia mlango unavyofunguka, na weka swichi upande wa kitasa.

Korido ndiyo inayokula pesa kimyakimya. Korido ya upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 9 ina mita za mraba 10.8. Chumba cha mita 3 kwa 3.6 kina mita za mraba 10.8 vilevile. Umejenga chumba kizima cha kutembelea. Ukikusanya milango kuzunguka kijiukumbi kidogo katikati, unaweza kupunguza korido hiyo nusu, na tofauti ukaipeleka kwenye vyumba vya watoto.

Vyumba vya maji vikae mgongo kwa mgongo: choo cha masta, choo cha wote na jiko vikichangia kuta, mabomba yanakuwa mafupi, chemba (vishimo vya kukagulia mabomba) chache, na mahali pa kuvujia pachache. Na kwa kuwa karibu kila nyumba yetu ina nondo madirishani, chora milango miwili ya kutokea iliyo mbali mmoja na mwingine, na kila upande wa vyumba vya kulala uwe na grili moja ambayo mtu aliye ndani anaweza kuifungua. Moto ukianzia jikoni wakati wote wamelala, hilo ndilo litakalowatoa.

Kujenga kwa awamu

Wachache wetu hujenga kwa mkupuo. Msingi mwaka huu, boma mwaka ujao, kupaua Mungu akijalia, na watu wanahamia madirisha yakiwa na mabati. Hakuna aibu katika hilo. Ndiyo njia ambayo familia ya mshahara wa kawaida inamiliki nyumba bila deni. Lakini ramani inayofaa kujengwa kwa awamu haifanani na ramani inayofaa kujengwa kwa mara moja, na wachoraji wengi hutupa ile ya pili. Matokeo ni mapagala: kuta za nyumba kubwa zilizosimama miaka bila paa, mvua inazila, mizizi inapasua msingi, huku mwenyewe bado analipa kodi mjini.

Chora nyumba nzima, kisha ikate iwe nyumba mbili. Ya kwanza iwe na chumba kimoja kikubwa au viwili, choo, jiko na kibaraza, yaani kitu ambacho watu wanaweza kuhamia kikiwa na paa lake kamili. Ya pili ije kuungana nayo. Kazi yote iko kwenye maungio, na hapo ndipo paa linaposema kabla ya kuta. Paa rahisi la migongo miwili linaweza kurefushwa: unaondoa ubao wa mwisho, unaongeza kenchi, unaendelea na bati. Paa la kona nyingi halirefushiki bila kubomolewa, na kila kona ya ndani inazaa mfereji unaokusanya maji, ambao ndio huvuja wa kwanza. Ukuta utakaopokea awamu ya pili uache na nafasi ya mlango iliyokwisha kuwekewa linta (boriti ya zege juu ya mlango) na kuzibwa kwa tofali. Siku ikifika unatoa tofali tu. Mabomba ya choo cha baadaye yaishie nje ya msingi yakiwa yamefunikwa, na karo lichimbwe kwa ukubwa wa nyumba ya mwisho.

Mambo ya nondo na zege katika maungio hayo, na kina cha msingi kwa udongo wako, si ya kukisia. Udongo wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi hauchukui msingi uleule wa mchanga wa Kigamboni. Mlipe mhandisi aje akanyage kiwanja. Kwa mchoro wenyewe, mbunifu majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi ndiye mwenye mamlaka ya kazi hiyo, na ukimfikia ukiwa na karatasi ya siku ya familia yako, mteremko wa kiwanja na vipimo vya vitanda, mazungumzo yatakuwa tofauti kabisa na ukifika na picha ya nyumba ya mtu. Kibali cha ujenzi kitoke kabla ya kamba kuvutwa. Kikitoka, rudi kiwanjani, tandaza mistari ya chokaa, chukua viti na mkeka, mkae ndani ya sebule yenu ya chokaa saa kumi jioni mkiwa wote, watoto na bibi, muone jua linapiga wapi. Ukitaka kusogeza ukuta, huo ndio wakati, na mwambie mbunifu arekebishe karatasi kwanza ili paa na mabomba vifuate.

Siku moja kabla ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, mabomba yote yakiwa yamelazwa na bado yanaonekana, pita na futi kamba. Weka futi hiyo kutoka ukutani hadi kwenye kila bomba na kila chemba, piga picha namba zikisomeka. Fundi hulaza bomba panapowezekana, na si kila mara panapooneshwa na ramani, na baada ya zege hakuna atakayekumbuka. Chapisha picha hizo, uziweke kwenye bahasha moja na hati ya kiwanja.